Hifadhi ya Wanyama na Uhuru wa Mtu

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mkimbizi mjini Kampala, katika mkutano wa kumbukumbu, mbele ya wajumbe wa kambi, wakimbizi waishio mjini na wafanyakazi wa mashirika ya misaada.)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Nilipowaambia wenzangu kwamba nitazungumza juu ya wanyamapori na juu ya uhuru, walicheka. Mmoja akasema: "Mwalimu, sisi tuna shida ya kodi ya nyumba na karo za watoto, wewe unakwenda kutuhubiria tembo!" Naomba mnivumilie kidogo. Sikuja kuhubiri tembo. Nimekuja kujibu swali nililoulizwa na mtoto, nikashindwa.

Muhula uliopita tuliwapeleka watoto wa darasa la nne Entebbe, kwenye Kituo cha Elimu ya Wanyamapori. Kituo hicho kilianza mwaka 1952 kwa kupokea wanyama yatima na majeruhi, na tangu 1994 kazi yake kubwa ni kufundisha. Tukasimama mbele ya uzio wa simba. Msichana mmoja, ambaye alizaliwa kambini na hajawahi kuiona nchi ya wazazi wake, akanivuta mkono: "Mwalimu, huyu amelindwa au amefungwa?" Nikamjibu: "Amelindwa, mwanangu." Akasema: "Basi mbona hawezi kutoka?"

Nikanyamaza. Katika teksi ya kurudi Kampala watoto waliimba njia nzima, mimi nikabaki na swali lile. Nililifikiri kwa sababu hata mimi nimeishi ndani ya kambi, na siku nyingine nilijiuliza vivyo hivyo juu yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, tuanze na hapa tulipokaa. Jina la Kampala limetoka kwa mnyama. Wenyeji wa Buganda wanasimulia kwamba Kabaka alikuwa na swala waliokula majani kwenye vilima hivi. Waingereza walipofika mwaka 1890 na kujenga ngome yao juu ya kilima kimoja, jina la kilima cha swala likawa jina la mji. Ni swala yule ambaye kwa Kiswahili tunamwita swala pala. Leo zunguka Nakasero, shuka Kisenyi, fika Katwe na Nsambya: utaona makorongo juu ya majalala, lakini swala humwoni. Anayetaka kumwona swala pala katika Uganda huenda hasa mbuga ya Ziwa Mburo, upande wa magharibi, karibu na njia ya Mbarara. Na jirani ya mbuga hiyo ni nani? Ni Nakivale, makazi ambayo yamepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960, kwanza kutoka Rwanda, baadaye kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Mwenye jina la mji aliondoka mjini, na leo anaishi ujirani na mkimbizi.

Sasa niseme kidogo historia, maana bila historia hatuwezi kujua ni wapi kulinda kuligeuka kuwa kufunga.

Kwanza, tusidhani kwamba hifadhi ililetwa na Wazungu. Hapa Buganda kila ukoo una mnyama, samaki au mmea wake ambao watu wa ukoo huo hawaruhusiwi kuula. Wanauita muziro, sisi tungesema mwiko. Kuna ukoo wa tembo, wa simba, wa kima, wa pongo, wa fungo na wa kambare mamba. Hata kwetu Kongo wazee walikuwa na miiko yao. Tazameni jambo moja: aliyefungwa na mwiko ndiye aliyekuwa mwenye mwiko. Hakuna askari aliyehitajika, kwa sababu sheria ilikuwa ya mtu mwenyewe na ya mama yake na ya babu yake.

Pili ikaja zama ya wakoloni. Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa serikali za Ulaya waliweka sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Wanyama walikuwa wa Afrika, lakini Mwafrika hakuwako mezani. Baada ya hapo mgeni mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye mtego aliitwa jangili, ingawa mmoja alitafuta pembe na mwenzake alitafuta kitoweo.

Mapema mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi ukingoni mwa mto Naili pamoja na mwanawe, wakawinda vifaru weupe kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Mahali hapo pakaitwa Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru. Ndugu zetu wa Sudan Kusini wanalijua vizuri jina hilo, maana leo ni makazi ya wakimbizi. Wakimbizi wapo, jina lipo, vifaru hawapo. Kifaru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwezi Machi 2018. Alikamatwa akiwa mdogo katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, akapelekwa Ulaya, akarudishwa Afrika uzeeni, akafa akilindwa usiku na mchana na askari wenye bunduki. Ulinzi ulikuja baada ya kila kitu kingine kwisha.

Turudi Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana. Serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia kutoka kando za maziwa na mabonde yenye mbung'o. Ilisemekana ni kwa ajili ya afya yao, na kweli malale yalikuwa yanaua. Lakini watu walipoondoka, wanyama wakajaa katika mashamba yao ya zamani, na wengi hawakuruhusiwa kurudi. Katika nchi ile iliyoachwa tupu ndiko zilikotangazwa mwaka 1952 hifadhi za Murchison Falls na Queen Elizabeth. Kongo, Wabelgiji walikuwa wametangulia: tarehe 21 Aprili 1925 walitangaza Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya aina yake katika bara letu, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Mtalii anayefika leo husema, "Tazama pori ambalo halijaguswa na mtu." Mtoto wa mtu aliyehamishwa angeweza kumwonyesha mahali palipokuwa na jiko la bibi yake.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu anaweza kuuliza: kama binadamu ndiye anayeharibu pori, je, si afadhali abanwe? Historia ya nchi hii imetoa jibu. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu. Kwa miaka minane raia hakuwa na uhakika wa maisha yake wala wa mali yake. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke. Magazeti yalinyamaza, mahakama ziliogopa. Je, katika ukimya ule tembo alipumzika? La. Wenye bunduki waliingia mbugani wakauza pembe, na nani angewashtaki? Baadaye vikaja vita vya 1979 na miaka ya fujo. Katika miaka ya 1960 Uganda ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 30,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibaki wapatao 2,000. Vifaru waliisha kabisa katika mapori ya nchi hii, mpaka wakaletwa wachache kutoka nje mwaka 2005, kwenye hifadhi ya Ziwa huko Nakasongola, na sasa wanazaana. Amani ilipopatikana na sheria ikarudi, tembo nao wakaongezeka. Leo wamepita 5,000. Kumbe palipokuwa hapana mtu aliye huru kusema, tembo naye alikosa mtetezi.

Mfano wa pili uko Ziwa Mburo penyewe. Mwaka 1983 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji na wakulima wakatolewa bila fidia. Mwaka 1985 serikali iliyowatoa ilipoanguka, watu walirudi kwa hasira, wakawafukuza wafanyakazi wa mbuga, wakabomoa majengo na kuua wanyama. Hawakumchukia swala. Swala aligeuzwa kuwa alama ya yule aliyewafukuza. Serikali mpya ililazimika kuwarudishia watu sehemu kubwa ya ardhi ili sehemu iliyobaki ipone. Mwaka 1996 ikaundwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na sheria ikaamuru kwamba asilimia 20 ya viingilio vya mbuga iende kwa vijiji jirani. Malalamiko hayajaisha, lakini jirani akawa na neno na sehemu yake.

Wako pia ambao wamesubiri zaidi. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilifanywa hifadhi za taifa kwa ajili ya sokwe wakubwa wa milimani, na Wabatwa, waliokuwa wakiishi kwa msitu huo tangu zamani, wakaachwa bila msitu na bila shamba. Sokwe hao wamefaidika. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha wamefika 1,063 katika Uganda, Rwanda na Kongo. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ilichukua miaka 30, hadi Agosti 2021, ndipo Mahakama ya Katiba ya Uganda ikatamka kwamba Wabatwa walidhulumiwa na wanastahili kusaidiwa. Kumlinda sokwe hakukulazimu kumsahau Mbatwa. Lilikuwa kosa la hesabu, kuhesabu wanyama na kuacha watu.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, jambo hili linawahusu pia. Serikali za Afrika ziliweka sahihi mkataba wao wa kuhifadhi maliasili mjini Algiers tarehe 15 Septemba 1968. Haukupita mwaka mzima, tarehe 10 Septemba 1969, viongozi wa Afrika wakaweka sahihi mjini Addis Ababa mkataba wa wakimbizi. Vizazi vilevile vya viongozi, katika miezi 12, waliahidi kumlinda mnyama na kumlinda mkimbizi. Ahadi ni deni.

Lakini kulindwa kwetu nako kuna historia. Sheria ya Uganda ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi akae mahali alipoelekezwa, na kutoka bila kibali kilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 2006 ilibadilisha hayo. Inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na haki ya kufanya kazi, kwa mipaka inayowekwa na sheria. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya 1,500,000, na bado imechagua njia hii, wakati nchi nyingine tajiri zaidi zimewazungushia uzio watu wachache. Tuwashukuru wenyeji wetu kwa dhati.

Sisi tuishio Kampala tunaijua bei ya uhuru huo. Kambini kuna posho, hata ikipunguzwa. Hapa mjini wengi wetu hatuna. Mimi nilipoondoka kambini kuja kutafuta kazi ya ualimu, mama alilia, akaniuliza nani atanipa unga. Miezi ya kwanza nilifua nguo za watu na kubeba matofali. Nilikula mara moja kwa siku. Lakini asubuhi niliamka nikaamua mwenyewe nianzie mtaa gani kutafuta kazi, na uamuzi huo ulinirudishia kitu ambacho hakigawiwi kwa kadi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Tumesikia kwamba baadhi ya vijana wetu wamekamatwa na nyama ya porini, na wengine wanakata miti ya kuchoma makaa mahali palipokatazwa. Baadhi ya wazee wetu, kwa uchungu, wamependekeza kwamba kijana yeyote asitoke kambini bila barua. Wanasema: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kwa heshima zote, wazee wangu, naomba kulipinga pendekezo hilo. Silipingi kwa sababu kosa ni dogo. Kosa ni kubwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 inaweza kumpeleka mtu jela maisha kwa ajili ya mnyama aliye hatarini kutoweka. Wala sisemi kwamba mkimbizi hana hatia kwa kuwa ni mkimbizi. Mwaka 1994, watu zaidi ya nusu milioni waliokimbia Rwanda walipopiga kambi kando ya Virunga, msitu ulikatwa kwa kuni za kupikia, siku baada ya siku, na mwaka huohuo Virunga ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwenye njaa hana miiko. Na walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini kwa miaka hii yote. Ni watoto wa vijiji vya kwetu.

Tena nitaungama mbele yenu, na wanafunzi wangu wasikie. Mwaka wangu wa kwanza kambini nilinunua nyama usiku kwa mtu asiyesema imetoka wapi. Nilijua. Niliona mguu, nikajua ni swala. Nilikuwa na njaa, lakini sitaki kujificha nyuma ya njaa, kwa sababu mara ya pili nilinunua bila njaa, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kilichonizuia mara ya tatu hakikuwa askari. Ni mzee mmoja mwenyeji, jirani wa shamba, aliyenipa mbegu za maharage na kuniambia: "Ukila swala wetu wote, wajukuu wako na wangu watabishana nini mbele ya moto?" Alisema "wetu", na mimi nikaelewa kwamba amenihesabu ndani. Tangu siku hiyo nikawa na mwiko wangu.

Kwa hiyo badala ya barua za kutoka, naomba tufanye mambo matatu.

La kwanza, aliyekosa aadhibiwe yeye, kwa jina lake na kwa sheria. Tukimfungia mtoto asiyekosa, tunamfundisha kwamba kosa na haki vina malipo sawa.

La pili, tukae na vijiji jirani na walinzi wa mbuga tukubaliane wapi tunakata kuni, wapi hatukati, na nani anatoa taarifa. Vijana wenyewe wawepo kwenye kikao hicho, wala wasiitwe baadaye kusomewa matokeo. Mtu huitunza sheria aliyoshiriki kuitunga.

La tatu, ndugu zetu wa mashirika, tunahitaji miche ya miti, majiko yanayotumia kuni kidogo, na kazi. Mwaka posho ilipopunguzwa, msiseme tu kwamba wakimbizi wanaharibu mazingira. Angalieni pia chungu kilipikwa kwa nini na kilikuwa na nini ndani. Na mtu asilazimike kuchagua kati ya chakula na uhuru wake.

Wenyeji wa Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tunalitaka. Lakini mwenye jembe lazima awe na ruhusa ya kwenda shambani.

Namalizia kwa kumjibu yule mwanafunzi wangu, ambaye yupo hapa leo, amekaa mstari wa mbele. Mwanangu, uliniuliza kama simba yule amelindwa au amefungwa. Nilikujibu haraka kama walimu tunavyojibu tusipojua. Jibu langu la leo ni hili: wengi wa wanyama wale waliletwa pale wakiwa yatima au wameumia, na uzio uliwaokoa. Lakini uzio ni dawa, na dawa haifanywi chakula cha kila siku. Ulinzi wa kweli ni ule unaomwandaa mlindwa kwa siku ya kutoka, na ukishindwa kumtoa, useme kwa nini. Ukiona mahali panapolinda bila kumfikiria aliye ndani, uliza tena swali lako, na uliulize kwa sauti. Hata kama mwalimu atanyamaza.

 Mungu aibariki nchi hii iliyotupokea, na azibariki nchi tulizoziacha.